Karatasi Pembeni ya Kioo

Macho hayana pazia, na masikio ya muuguzi mmoja hayakuwa hata na mlango. Kabla basi halijafika kituo cha pili, alikwishajua habari zote za mshonaji na kinyozi waliokaa mbele yake.

"Wiki nzima mwizi kaukalia ukurasa wa duka langu mtandaoni," mshonaji alisema. "Wateja wanatafuta magauni, wanauziwa dawa ya kuotesha nywele! Jana wanafunzi wa chuo kikuu wamenirudishia. Wana kliniki yao ya usalama wa mtandaoni, ya kutusaidia sisi wenye biashara ndogo, na ni bure. Nimelala kama mtoto."

"Wanafunzi?" Kinyozi alicheka. "Dada yangu, umempa fisi bucha."

"Wala hawakuniuliza neno la siri. Walilisoma wenyewe mtandaoni, kama mwizi alivyolisoma. Mkwe wangu anayenisaidia dukani ni msahaulifu, basi nikaliandika kwenye karatasi, nikaibandika pembeni ya kioo. Kumbe kila mteja akijaribu gauni anajipiga picha hapo hapo kiooni, anairusha mtandaoni. Bibi harusi anang'aa, na neno langu la siri linang'aa naye!"

Muuguzi alibana kicheko, akangoja kinyozi atie la kwake, maana mdomo wake haukuwa umepumzika tangu wapande. Badala yake kinyozi aliokota mkoba wake.

"Vipi, kaka?" mshonaji aliuliza.

"Hao watoto wako wa chuo wanafungua saa ngapi?" Alikuwa keshasimama. "Dereva, nishushe! Kwangu vioo ni vinne, na karatasi ni nne."