Mwalimu Sefania na Kanda ya Kumi na Tatu

Mchungaji wetu, wazee wa usharika, ndugu zetu wa msikitini mliopanda mlima asubuhi hii kwa ajili ya jirani yenu, walimu, na wote mliokaa humu ndani na nje hadi kule kwenye migomba, familia inawashukuru kwa kuja, na inaomba mtulie kidogo tuwasomee maisha ya mzee wetu, ambayo mengi mnayajua na machache mliyasikia vibaya.

Marehemu Mwalimu Sefania Yonathani Shemndolwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Mlola, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Yonathani, mkulima wa maharage na viazi, na Mama Marta, ambaye inasemekana alirudi kutoka shambani asubuhi, akajifungua mchana, na jioni akauliza ni nani aliyefunga mbuzi. Alibatizwa mwezi wa nane mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapohapo Mlola kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akaendelea na masomo hadi akapata cheti cha ualimu mjini Korogwe mwaka 1978, akarudi milimani na begi moja la nguo na mawili ya vitabu.

Alifundisha kwa miaka thelathini na tisa katika shule nne za wilaya hii hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017, na hati yake ya ubaoni ilikuwa nzuri kiasi kwamba mbao nyingi za matangazo mnazopita kila siku hapa Lushoto ziliandikwa kwa mkono wake, ingawa kuimba hakujaliwa kabisa, na kwaya ya walimu, kwa kumpenda, ilimpa kazi ya kubeba kinanda.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa takatifu na Bi Evodia, binti wa Vuga, ambaye yuko mbele yenu leo, na Mungu akawajalia watoto wanne, Beatha mwaka 1985, Tobia mwaka 1987, Alen mwaka 1990 na Esteria mwaka 1995. Tobia aliugua homa ya uti wa mgongo kwa siku nne tu, akafariki Jumamosi tarehe 2 Aprili 1994, mkesha wa Pasaka, akiwa na umri wa miaka sita na nusu. Kesho yake kengele za ufufuko zilipolia marehemu alikwenda ibadani, akaketi, akasimama na wengine wakati wa kusimama, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu jina la Tobia alilitamka mara chache sana, si kwa kusahau, ila lilimshinda.

Mwaka 1993 alikuwa amefika Lushoto mtaalamu wa misitu kutoka Japani, ambaye watu walimwita Mjapani wa Miche kwa kuwa hakuna aliyemwona bila mche mkononi, akapanga nyumba ya pili kutoka ya marehemu, wakawa marafiki kwa Kiingereza cha kuokoteza na chai ya tangawizi. Alipoondoka Juni 1995 alimwachia marehemu kanda kumi na tatu za video za katuni ya kwao iliyopendwa sana zamani, pamoja na daftari alimoeleza kinachotokea katika kila kanda, isipokuwa ya kumi na tatu, ambayo aliandika tu kwamba mwisho mtajionea wenyewe, na jambo hilo marehemu hakumwambia mtu.

Katuni hiyo ilihusu binti mwenye mkuki anayelinda mji uliojengwa kuzunguka mti mkubwa, baada ya viumbe wenye mabawa na alama ya msalaba kwenye paji la uso kushuka kutoka mawinguni na kumchukua mdogo wake wa kiume, na ndani yake mambo yalichanganyika kama makande, gharika, nyoka aliyejiviringisha shinani, mbweha wa mawe wanaolinda lango jekundu, na ule mti wenyewe umefungwa kamba nene ya majani makavu. Ndugu Twaha, mfanyabiashara wa nguo kutoka Tanga, alikuwa na televisheni na deki katika banda lake karibu na soko, akalitoa bure, na kuanzia Jumapili tarehe 14 Januari 1996, saa nane mchana baada ya ibada, marehemu alisimama kando ya televisheni na fimbo yake ya ubaoni, akawatafsiria watoto Kijapani ambacho hakukijua hata neno moja.

Wengi wenu mlikuwemo, mkikalia matofali, na mnakumbuka jinsi alivyosimamisha deki kila penye alama, akafungua Biblia akawaonyesha Nuhu kwa ajili ya ile gharika, akawaeleza kwamba lango jekundu kwa Wajapani ni mahali pa kuvua makelele kabla ya kumsogelea Mungu, na kwamba kamba ile juu ya mti ni njia yao ya kusema hapa pana heshima, kama babu zetu wa Usambara walivyoacha miti fulani msituni bila kuigusa kwa panga. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyopanda hadi baraza la wazee, ikiwa imevimba njiani, ikasemwa kwamba Mwalimu anachanganya msalaba na tambiko na kuwafundisha watoto kuabudu miti siku ya Bwana.

Kanda ya kumi na tatu iliangukia Jumapili ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1996, banda limejaa hadi madirishani, na haikupita dakika tano deki ikaitafuna, ikaitoa utepe nje kama utumbo wa kuku, watoto wakapiga kelele, wengine wakalia. Marehemu aliitazama televisheni tupu, akawaambia wakae, mwisho anaujua, akasimulia kwamba yule binti alipofika mbele ya kiumbe mkubwa kuliko wote aliuweka mkuki wake chini shinani pa mti, na kiumbe yule, badala ya kumpiga, akafunua mabawa, na ndani ya mabawa alikuwamo mdogo wake, amelala, hajakua hata siku moja, akaamka akauliza kama chakula kiko tayari. Watoto walitoka wakiruka.

Tarehe 5 Mei 1996 baraza lilimtenga na Meza ya Bwana, likampa sharti moja, asimame mbele ya usharika akiri kwamba katuni ile ilikuwa ya shetani na kwamba alama zake ni uchafu. Marehemu alijibu kwa upole kwamba yuko tayari kutubu kosa lolote alilolitenda, lakini hawezi kutubu kitu ambacho macho yake hayakukiona, na kwa miaka ishirini na minane hakukosa ibada hata moja akiwa mzima, alikaa benchi la nyuma, na Meza ilipoandaliwa alichukua kofia yake, akatoka, akasimama ukutani upande wa mikaratusi hadi wenzake wamalize. Mvua ikinyesha alisimama na mvua. Hilo lilimuumiza kuliko alivyoonyesha, na mama yetu ndiye anayejua ni kwa kiasi gani.

Februari 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, akatibiwa hapa na kisha hospitali ya rufaa, na hamu yake ikabaki moja, kushiriki Meza ya Bwana kabla hajaondoka. Mchungaji Secilia, ambaye alikuja kwetu mwaka 2022 na ambaye mwaka 1996 alikuwa binti wa miaka kumi juu ya tofali katika banda la Twaha, aliitafuta katuni ile kwenye simu yake ili amfurahishe mgonjwa, akaitazama yote, akaja nyumbani uso umemshuka, kwa sababu alikuta watengenezaji wamesema kwamba misalaba waliiweka kwa kuwa ilipendeza tu machoni, na kwamba katika mwisho wa kweli mji unazama na yule mdogo harudi.

Kuhusu misalaba marehemu alicheka, akasema kopo la mafuta likiisha mafuta tunapandia vitunguu na hakuna anayekwenda kumwomba ruhusa mwenye kiwanda. Kuhusu mwisho hakucheka. Alimwambia Mchungaji kwamba sasa ana jambo la kutubu, maana aliwaambia watoto anaujua mwisho na hakuujua.

Jumapili tarehe 7 Julai 2024 alisimama mbele ya usharika, ameshikwa na Alen, akasema kuwa neno la kwamba katuni ni ya shetani hatalisema, lakini aliwadanganya watoto wa watu siku ya Pasaka, kwa sababu yule mvulana alikuwa Tobia, na yeye baba yake hakuweza kumwacha kule juu. Ndipo Mzee Jofrey, aliyekuwa katibu wa baraza lililomtenga, akainuka na mkongojo wake, akakiri kwamba Pasaka ile alitumwa kukusanya ushahidi, akasimama dirishani mwa banda hadi mwisho, akaandika yote isipokuwa mwisho, kwa kuwa huo alikwenda nao nyumbani kumsimulia mkewe, ambaye naye alikuwa na mtoto makaburini, na kwamba mkewe aliomba asimuliwe tena siku tatu kabla ya kufa. Alijikongoja hadi mbele, akasema, "Mgosi, mzee mwenzangu, sogea kidogo, nami nina langu la kutubu," na wazee hao wawili wakapokea Meza ya Bwana bega kwa bega, mmoja akimshika mwingine asianguke.

Marehemu alifariki nyumbani Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano, na aliagiza alazwe upande wa kulia wa Tobia, karibu, pasiachwe njia katikati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, Mchungaji Secilia, Mzee Jofrey aliyeomba mwenyewe kugonga kengele ya leo, na Ndugu Twaha, aliyetuletea jana ile kanda ya kumi na tatu, utepe wake umeviringishwa tena kwa mkono, tukaiweka jenezani bila kuitazama, kwa kuwa mwisho sisi tunaujua.

Mwalimu, weka fimbo chini, Tobia anauliza kama chakula kiko tayari. Pumzika kwa amani.