Shangazi wa Usaili: Maisha ya Mama Bernadina Hhando

Wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliopanda hadi hapa Nambis, poleni na msiba.

Mama yetu Bernadina Hhando alizaliwa hapa tarehe 9 Mei 1968, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akaenda sekondari na kisha ualimu, na mwaka 1991 akaanza kufundisha Dongobesh, ambako alifunga ndoa na Mwalimu Evarist Margwe tarehe 22 Julai 1995, wakajaliwa watoto wawili, Rogers na Yusta.

Mwaka 2012 alihamia chuo kimoja cha Mbulu mjini, akapewa kazi ya kuwaunganisha wanafunzi na waajiri, na huko ndiko alikoitwa Shangazi, kwa sababu kwetu binti haposwi bila shangazi kukaa ndani, naye akasema anayeitwa kwenye usaili asiende peke yake vilevile.

Tarehe 4 Machi 2024 meneja mmoja alimwita Evelyne, mwanafunzi wa chuo hicho aliyekuwa akimalizia stashahada ya uhasibu, kwenye usaili wa jioni katika chumba cha nyumba ya wageni Katesh, akamwandikia kwenye simu aje peke yake na ajiandae kulala. Shangazi aliingia naye, akavuta kiti, akatoa uzi akaanza kufuma sweta. Yule bwana akamuuliza, mama, na wewe umeomba nafasi gani? Akajibiwa, endelea baba, uliza maswali yako, mimi nasikiliza tu. Yule bwana hakuwa na swali hata moja.

Evelyne alishtaki. Chuo kikasema Shangazi anafukuza waajiri, kikamtupa stoo ya vitabu, na leo kimetuletea rambirambi inayosema aliomba mwenyewe kazi nyepesi. Hakuomba, na rambirambi hiyo hatuisomi.

Presha ilimwanza Agosti, tarehe 11 Januari 2025 akapata kiharusi, na tarehe 16 akafariki, kabla hajasimama mahakamani kama shahidi. Tunajua wapo waliopumua waliposikia. Wasipumue. Evelyne hajajitoa, na jana, wakiosha vyombo vya msiba, wasichana wawili walimwambia Yusta kwamba nao waliwahi kuitwa na meneja huyo huyo, na kwamba watakwenda kusema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi kwenye mvua, na walimu wenzake mliokuja hata mliponyimwa ruhusa.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Sisi huku hatupumziki.