Ubeti Ambao Mzee Seifu Hakuuimba Nchi Kavu

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Leo kiti cha mgeni hapa studio ni kitupu. Mzee Seifu Chande wa Mkwiro alikuwa aje akikalie, saa hii hii. Mzee Seifu amefariki. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mtu mzima wa afya, hana hata mafua. Asubuhi ya siku hiyo alinipigia simu kuniuliza kama hapa studio kuna chai ya tangawizi. Tumepigwa na butwaa, wala hatuwafichi.

Kwa wasiomjua, Mzee Seifu alikuwa mtoaji wa nyimbo za mabaharia. Mashua ikishuliwa, ikisukumwa kutoka mchangani hadi majini, yeye hutoa wimbo na wanaosukuma huitikia. Kila kiitikio ni hatua moja. Kwa miaka hamsini Mkwiro haikushua chombo bila sauti yake.

Na kama hukufika Mkwiro, nyimbo zake umeshazicheza. Mjukuu wake, Sumaiya, ana kikundi cha muziki pale Ukunda. Alizichukua nyimbo za babu yake, akazitia kinanda na ngoma, na siku hizi arusi kutoka Diani hadi Msambweni hainogi bila hizo. Mzee alipozisikia mara ya kwanza alicheka. "Mjukuu wangu," akamwambia, "hizi umezivika viatu."

Lakini nyimbo hizo zina pengo, wasikilizaji. Ubeti wa mwisho Mzee Seifu hakuuimba nchi kavu. Huo ni wa wakati chombo kinapogusa maji. Ukiimbwa mapema, alisema, chombo kitajiona kimeshafika, kitagoma. Sumaiya alimpeleka kurekodi, akambembeleza, akamletea hata beseni la maji atie miguu. Mzee alitia miguu, akashukuru, akasema maji yana uvuguvugu mzuri. Ubeti hakuuimba.

Basi si aliusikia pwani, mara chungu nzima? Nilimuuliza Sumaiya leo asubuhi kwa simu.

"Nilikuwa nikiitikia," alisema. "Kwetu Mkwiro husimami pwani mikono mitupu. Chombo kikishuliwa, kila aliyepo husukuma. Mikono yangu yote miwili ilikuwa ubavuni mwa mashua, na sote tulikuwa tukiitikia kwa nguvu. Maneno yake ya mwisho tuliyafunika sisi wenyewe."

Jana Ijumaa ndiyo ingekuwa siku ya kuunasa ubeti ule. Mashua mpya ya ami yake Sumaiya, Idris, ilikuwa ishuliwe. Mzee alikuwa amemruhusu Sumaiya, yeye peke yake, asimame kando na kinasa sauti. Siku ilifika. Mzee hayupo.

Watu walishika mashua, wakangoja. Hakuna aliyethubutu kutoa wimbo. Idris akamwambia Sumaiya, "Mwanangu, tuwekee ule wa babu yako." Akaweka simu kwenye spika ndogo. Sauti ya Mzee Seifu ikatoka. Watu wakaitikia, mashua ikasogea, hatua kwa hatua, kama zamani. Kisha wimbo ukafika pale alipokuwa akiukatiza kila mara. "Basi, hapa unatosha," ikasema sauti yake.

"Hakuna aliyetuambia tusimame," Sumaiya alinieleza. "Tulisimama tu, mikono ikiwa juu ya mashua, tukatazamana. Ndipo nilipojua kuwa babu amekufa."

Mashua ile imelala hapo, hatua mbili kutoka majini. Hadi asubuhi ya leo ilikuwa hapo.

Tunatoa rambirambi kwa mjane, Bi Maimuna, kwa Idris, kwa Sumaiya, na kwa watu wote wa Mkwiro. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kama yupo aliyewahi kusukuma akanyamaza, akausikia ubeti ule, tafadhali atupigie simu. Na wewe uliye na mzee nyumbani, keti naye leo. Usiitikie. Msikilize mpaka amalize.

Sasa tunauweka wimbo wenyewe. Utakatika. Msizishike redio zenu, na mitambo yetu pia ni mizima. Hapo ndipo Mzee Seifu alipotuachia.