Pumba Hizi Ni za Nani?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji cha Mbingu na wajumbe wako, Paroko na Shehe mliotuombea, Mhandisi Aikande, uliyesimamia kazi hii, wanachama wenzangu wa kikundi cha mashine ya mpunga, na ninyi akina mama mliosimama kule nyuma na mafagio yenu, ambao leo ningependa msogee mbele. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote nawasalimu kwa upendo.

Mimi ni Bibiana, mwenyekiti wa kikundi. Nimeambiwa niseme kwa kifupi kwa sababu jua linapanda na pilau linapoa. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Tumekuja kuzindua mtambo wa umeme wa pumba za mpunga, na kabla utepe haujakatwa ni haki mgeni wetu ajue tumefikaje hapa. Miaka yote mashine yetu ya kukoboa imeendeshwa kwa injini ya dizeli, chini ya uangalizi wa mzee Osward, ambaye leo anastaafu pamoja nayo. Mzee Osward, mkeo ameniambia anajiandaa kuolewa upya, maana siku zote amekuwa mke wa pili. Wa kwanza alikuwa injini. Injini ile tuliinunua kwa bei nafuu, tukafurahi. Lakini nani hakumbuki masika, barabara inapokatika na mafuta yanakuja kwa bodaboda kwenye madumu, kwa bei anayojipangia mleta mafuta? Na oili chafu ilikwenda wapi? Ilikwenda mtaroni, na kutoka mtaroni ikaingia majarubani mwa mpunga, mpaka tukala kambale wenye harufu ya gereji.

Tukafikiria jua. Jua halileti ankara, ni kweli. Ila paneli za kuzungusha mashine kubwa namna hii zingemeza mavuno yetu ya misimu mingi, na betri zake zikichoka lazima ziwe na pa kwenda. Tumeshaziona betri kuukuu zimetupwa nyuma ya nyumba, watoto wanazichezea. Tukafikiria umeme wa gridi, ambao sehemu yake inatoka kwenye maji ya milima, na kwa uniti moja moja huo hauna mpinzani kwa unafuu. Shida ni kuuvuta mpaka hapa ukiwa na nguvu ya kubeba mashine, na hilo kwa sasa limetushinda. Siubezi hata mmoja. Kila umeme una gharama yake na uchafu wake, na anayekuambia wake hauna uchafu, bado hajakuonyesha anakoutupa.

Ndipo tukaligeukia rundo la pumba linalotuzibia njia kila mavuno. Mtambo huu unazichoma kwa hewa kidogo mpaka zitoe gesi, na gesi ndiyo inayozungusha injini. Siku tuliyoelezwa hayo, mkutano mzima ulipiga vigelegele. Mafuta ya bure, tena yako mlangoni!

Mhandisi Aikande akasubiri tunyamaze, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Pumba hizi ni za nani?"

Tulicheka, Mheshimiwa. Mzee Shilinde, rafiki yangu mwenye ng'ombe wengi, yule pale, akamjibu, "Binti, pumba nazo zina mwenyewe? Hizo takataka tu." Mara sauti ikatoka mlangoni. Alikuwa Edna, fagio mkononi, akasema, "Ni zangu. Zangu na wenzangu tunaofagia."

Kwa mgeni wetu, nieleze kidogo. Desturi ya mashineni kwetu ni kwamba anayefagia halipwi. Ujira wake ni pumba ngumu, yale maganda, anazozifagia. Edna na wenzake huwauzia wachoma matofali, na nyumba nyingi mnazoziona kando ya barabara hii zimejengwa kwa matofali yaliyoiva kwa pumba zao. Edna ni mjane, na watoto wake wanasoma kwa pumba hizo hizo. Sasa tulipopiga hesabu na kusema mafuta yetu ni bure, tulikuwa tunasema nini? Tulikuwa tunauchukua mshahara wa wanawake hawa na kuuita takataka. Mzee Shilinde, zile pumba laini za ng'ombe wako mbona unazinunua?

Mhandisi, nakupongeza kwa mtambo, nakupongeza kwa shimo lililosakafiwa ulilotujengea ili maji machafu yanayosafisha gesi yasifuate njia ya oili, na zaidi nakupongeza kwa swali lako. Nawapongeza pia wajumbe wa kamati yangu kwa utulivu wao. Tangu siku ile suala la Edna limepelekwa kikao kijacho, nacho kikao kijacho kikalipeleka kijacho, kwa adabu kabisa. Mimi utulivu huo umenishinda. Nina hasira, na nasema wazi, kwa sababu mtambo ukiwaka leo kabla hatujaamua, kesho Edna atafagia bure.

Kwa hiyo itifaki inisamehe. Wanachama tumetimia, na shahidi tunaye hapa mezani, Mheshimiwa mwenyewe. Anayekubali kwamba pumba zitanunuliwa kutoka kwa wafagiaji, kama tulivyokuwa tunanunua dizeli, na kwa bei ile ile ya wachoma matofali, anyooshe mkono. Msitazamane. Osward, asante. Akina mama wanachama, nawaona. Mzee Shilinde, mkono huo umenyoosha au unafukuza nzi? Umenyoosha. Asante sana, baba. Imepita.

Je, umeme wetu umepanda gharama? Umepanda. Mhandisi alishapiga hesabu, na bado uko chini ya dizeli. Ila sasa hiyo ndiyo gharama yake ya kweli, na naweza kuitaja mbele ya mtu yeyote.

Mheshimiwa, utepe ni wako na mkasi uko tayari. Edna, weka fagio chini, mama, njoo na gunia lako la kwanza. Mweka Hazina, mlipe hapa hapa, kabla hajalimimina.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka mwisho. Mweka Hazina, tunakusubiri wewe.