Mama wa Mikono Mitatu

Wasikilizaji wapendwa, hodi. Aliye jikoni apunguze moto, aliye na mtoto ampakate, sogeeni. Leo nakuja na msiba. Lakini bibi yenu mnanijua, hata msibani siingii bila kitendawili. Kitendawili! Najua huko mliko mmeitika: tega. Haya, mama yangu ana mikono mitatu, wageni wanamsifu uzuri, na hakuna anayeshtuka. Msikimbilie kunipa mji. Kaeni nacho kwanza.

Tunamkumbuka Bi Mkasi. Bi Mkasi, mtengeneza picha za kuunganisha, amefariki kwa maradhi ya figo, na amezikwa wiki iliyopita. Picha za kuunganisha ni zile ambazo babu anatolewa kwenye picha moja, bibi kwenye nyingine, mjukuu aliye mbali kwenye ya tatu, kisha wote wanaketishwa kochi moja kama vile wameitwa kula.

Jina la Mkasi alilipata enzi za karatasi, alipokuwa akikata watu kwa mkasi kweli na kuwabandika kwa gundi. Baadaye ikaja kompyuta, mkasi ukaingia kwenye droo ya meza, jina likabaki nje. Alifanyia kazi katika chumba kimoja, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani. Feni yake aliielekeza kwenye mashine, yeye mwenyewe akabaki na jasho. Ukimwuliza, anasema, "Mimi nikiumwa nitapelekwa hospitali. Hii ikiumwa nani ataibeba?"

Fundi cherehani ameniambia hivi: "Bibi, mimi nilikata vitambaa, yeye alikata watu. Nikimwambia, Bi Mkasi, nipunguze kiuno kidogo kwenye ile picha yangu, ananijibu, kiuno chako kitaizima mashine, mtaa mzima ukose umeme."

Na kazi aliijua. Kwenye ile programu yake ya kuhariri picha, kila mtu unayemwingiza anakaa mahali pake, juu ya mwenzake, bila kushikana naye. Matabaka hayo Bi Mkasi aliyaita mashuka. Kila mtu na shuka lake. Ukitaka kumsogeza babu, unavuta shuka la babu, bibi habanduki. Ukimaliza, unayabana mashuka yote yanakuwa moja, unahifadhi. Lakini yakishabanwa, basi. Ni chai iliyotiwa maziwa, huwezi kuyatoa tena. Kwa hiyo alikuwa na sharti moja: kabla ya kubana, weka nakala pembeni. Sharti hilo alilivunja mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo iliyotuleta hapa.

Siku hiyo aliyeingia alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Mume wa huyo mdogo, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amehama nyumbani, amekwenda kwa mwanamke mwingine. Mkononi huyo mdogo alishika picha. Binti yao mdogo amesimama mbele, gauni la miraba, siku ya kumaliza chekechea. Nyuma yake baba, anacheka, mkono begani kwa mtoto.

"Dada, mtoe huyu."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Hilo niachie mimi. Mtoe, uniweke mimi hapo."

"Umelala ukaamka na neno hili, au limekujia njiani?"

"Dada, kama hutaki sema, nikamtafute mwingine."

Bi Mkasi akaichukua, akaiingiza kwenye mashine. Alipomrudishia ile ya karatasi, mdogo wake akaichana pale pale na kuitupa kwenye kapu la vipande vya nguo vya jirani.

Akamfuta shemeji yake. Mahali pake akamweka mdogo wake, kamtoa kwenye picha ya harusi ya watu, ameshika mkoba tumboni kwa mikono yote miwili. Ikapendeza. Ukabaki ule mkono wa baba begani kwa mtoto. Kuufuta ni kazi, kwa sababu chini yake kuna miraba ya gauni, na kila mraba lazima ukae kwenye mstari wake. Na mdogo wake amesimama nyuma ya kiti, analia na kuharakisha. Bi Mkasi akasema moyoni, nitaurudia. Mashine nayo ilikuwa imejaa, inakokota. Akabana mashuka, akahifadhi juu ya ile ile ya mwanzo. Hakuweka nakala pembeni. Na hakuurudia.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, mnishike vizuri. Picha ya karatasi ilichanwa. Picha ya kwenye mashine ilifunikwa. Baba wa mtoto akabaki mkono tu.

Ikatundikwa sebuleni, ikakaa miaka. Wageni wanaingia, wanaketi, wanasema, lo, mama na mwana, mmetoka vizuri. Mtoto akakua, akaenda kusomea unesi. Baba yake hakuruhusiwa kukanyaga pale. Yule mwanamke mwingine naye aliondoka mapema, fundi wa vyuma akaishia kulala chumba cha nyuma ya karakana yake, na vitu vyake vyote.

Kisha mtungi wa gesi ukalipuka. Karakana ikaungua, na yeye ndani. Jeneza lililetwa limepigiliwa misumari. Hakuna aliyeonyeshwa uso.

Binti alirudi kutoka makaburini, akaketi mbele ya ile picha. Alikuwa anaitazama tu, kama mtu anayetazama ukuta. Akaanza kuhesabu. Akasimama.

"Mama, lete mkono wako."

"Wa nini?"

"Lete."

Akauweka kando ya picha. Mkono wa begani una kovu la moto, kati ya kidole gumba na cha shahada. Mkono wa mama hauna kovu.

"Mama," akasema, "hapa una mikono mitatu."

Haya, jibu la kitendawili ni hilo. Mji sitaki. Sijui ningefanya nao nini.

Binti akaibandua picha ukutani, akaenda nayo hadi kwa mama yake mkubwa. Akaiweka mezani. "Mama mkubwa, mkono huu wa nani?"

Bi Mkasi hakuzunguka. "Wa baba yako. Nimemfuta mimi mwenyewe."

"Basi mrudishe."

Tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine. Wateja aliwaambia waende kwingine. Miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba, figo zinamgomea, lakini alisema, na fundi cherehani alimsikia, "Siendi nimeacha mkono wa mtu unaning'inia."

Alimfuta mdogo wake kwenye ile picha, kisha akaanza na mwili wa baba. Akamsimamisha fundi cherehani ukutani, akamvisha ovaroli ya kuazima, akampiga picha. "Nyoosha bega."

"Nimenyoosha."

"Hilo bega au mfuko wa mahindi? Marehemu alikuwa mtu wa chuma."

"Basi nenda kamtafute mtu wa chuma, mimi ni mtu wa uzi!"

Walicheka hadi akakohoa. Mabega yakapatikana, yakaungwa na ule mkono, yakakubali. Kazi ikawa uso.

Picha nyingine zote ziliungua na mwenyewe. Kwa jamaa zake kulipatikana nakala ya kitambulisho, imetolewa nakala juu ya nakala, uso una vumbi jeusi. Bi Mkasi akausafisha, akauweka juu ya kola, akamwita binti.

"Huyu si baba," binti akasema. "Huyu ni kitambulisho."

Akaivuta midomo juu kidogo, icheke. Akamwita tena.

"Huyu ananicheka mimi. Baba alikuwa anacheka na mimi."

"Alikuwa anachekaje, mwanangu?"

"Sijui, mama mkubwa. Nilikuwa mdogo. Najua tu si hivi."

Sasa nani anajua? Duniani alibaki mtu mmoja aliyelala na kuamka na uso ule. Mdogo wake. Bi Mkasi akamtumia ujumbe, akautuma tena. Jibu likaja: "Ulimtoa vizuri. Mwache huko huko."

Hali ikawa mbaya. Akawa wa hospitali na nyumbani, nyumbani na hospitali, kompyuta ndogo ya kuazima juu ya sinia mapajani. Hapo ndipo mdogo wake alipokuja, na chupa ya uji. Binti alikuwepo chumbani, ndiye aliyenisimulia.

Bi Mkasi alisema, "Mdogo wangu. Alikuwa anacheka upande gani?"

"Kunywa uji."

"Nimekuuliza upande, sijakuuliza makosa yake."

Mdogo wake akainama, akanyoosha shuka la kitanda lililokuwa limenyooka. "Kunywa uji, dada, unapoa."

Bi Mkasi akanywa vijiko viwili vitatu, kumridhisha. Mkono ukarudi kwenye kipanya, ukateleza, akaurudisha, ukateleza. Akaomba sinia liondolewe. Asubuhi hakuamka.

Wakati jeneza linatolewa ndani, mdogo wake alilishika kwa mikono miwili, akaweka mdomo kwenye ubao. "Kushoto, dada," akasema. "Kushoto. Anaanza kushoto, na jicho la upande huo linafumba." Akarudia, "Linafumba, dada, unasikia?" Wanawake wakamshika mabega, wakidhani uchungu umempanda kichwani. Binti peke yake ndiye aliyeelewa mama yake anasema nini, na hakumshika.

Nilikwenda nyumbani kwa binti na mama yake. Sebuleni ile picha ya zamani haipo. Binti ametundika ile aliyoacha Bi Mkasi. Mtoto wa gauni la miraba, mkono wenye kovu begani kwake, na nyuma yake ovaroli, mabega, kola. Ule uso wa kitambulisho Bi Mkasi aliuondoa, na juu ya kola ni ukuta mtupu wa ndani ya picha. Mama mtu alinikaribisha kiti, akakaa akiipa picha mgongo. Akaniambia, "Bibi, sura yake ninayo yote, hata kipele cha kidevuni. Nilimnyima dada wakati mkono wake bado una nguvu. Sasa naisema kila siku, na wa kuichora hayupo." Nilimshika goti tu.

Kwenye kile chumba, fundi cherehani ameifunika mashine kwa kitambaa alichokishona mwenyewe. Feni bado imeielekea.

Tunawapa pole. Pole, binti, umewazika wawili na uso wa mmoja huna. Pole, mama yake. Pole, fundi cherehani, uliyekuwa mwili wa mtu usiyemjua. Bi Mkasi, pumzika.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, zimeni redio sasa, bibi yenu haoni haya kuwaambia. Kama kuna mtu mlimfuta, na yupo bado anayeijua sura yake, muulizeni leo, na akiulizwa ajibu. Halafu nendeni mkasimame mbele ya picha zenu za ukutani. Hesabuni mikono.