Bi. Philomina Savarimuthu, Aliyengoja Kuitwa Mezani

Marehemu Bi. Philomina Savarimuthu, tunayemzika leo Alhamisi tarehe 13 Februari 2020, alizaliwa hapa Seremban tarehe 11 Agosti 1949, sikukuu ya mtakatifu aliyempa jina. Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa baba yake, Savari Vilas, saa ya chakula cha mchana. Mzee Savarimuthu hakuweza kuacha kugawa wali kwa kuwa wateja walikuwa wamejaa hadi barazani, kwa hiyo Mama Annammal alijifungulia kati ya magunia ya dengu, akiwa na mkunga na jirani mmoja. Marehemu alipenda kusema kwamba tangu siku hiyo watu walikula kwanza, yeye akafuata. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, Gnanapragasam, ambaye ninyi nyote mnamfahamu kama Anko Pragasam, na ambaye yupo nasi leo, kiti cha mbele.

Alianza masomo mwaka 1956 katika shule ya masista. Alikuwa mwepesi wa hesabu, na Sista mmoja alimwahidi baba yake kwamba binti huyu angekuwa mwalimu. Mwezi Mei 1965, Mama Annammal alifariki ghafla. Wiki iliyofuata Mzee Savarimuthu alimwita bintiye akamwambia, "Mina, wali haujipiki." Ndivyo alivyoachishwa shule. Alifua sare yake, akaipiga pasi, akampa binti wa jirani. Anko Pragasam, aliyekuwa na miaka kumi, aliendelea na shule, na baadaye akapelekwa ng'ambo, Madras, chuoni. Aliporudi na cheti palifanywa karamu kubwa, na aliyepika karamu hiyo mnamjua.

Jikoni mwa Savari Vilas alifanya kazi kuanzia mwaka 1965 hadi 1989. Kama umewahi kula pale wakati huo, umekula mkono wake: mchuzi wa samaki wa ukwaju, dengu, achari ya ndimu na, zaidi ya vyote, karela za kukaanga. Alizikata nyembamba, akazipaka chumvi na bizari, akazianika juu ya paa mpaka zikapoteza maji lakini zisipoteze uchungu. Wapishi wengi huufukuza uchungu wa karela kwa sukari. Marehemu aliwaona watu hao kuwa waongo. Madereva wa malori walikuwa wakiiacha barabara kuu na kuingia mjini kwa ajili ya karela zile, na Mzee Savarimuthu alikuwa akiwapokea mlangoni kwa kifua mbele kama aliyezikaanga yeye.

Alifunga ndoa na Bw. Rayappan, mpima utomvu katika shamba la mpira, tarehe 27 Aprili 1974. Namna walivyopatana inafaa isimuliwe, maana siku ya leo nayo inahitaji kicheko kidogo. Walipokuwa wachumba, marehemu alimpeleka katika mkahawa wa watu wa Padang karibu na soko. Pale mteja haagizi kitu. Mhudumu huja na sahani zimepandana mkononi hadi begani, akazipanga zote mezani, nawe unalipia ulizogusa tu, zinazobaki zinarudi. Bw. Rayappan, mtoto wa shambani, hakulijua hilo. Alidhani wenyeji wamemkirimu na kwamba kuacha kitu ni utovu wa adabu. Alikula nyama ya tui, maini, mapafu, mayai, kisamvu na samaki wawili, jasho likimtiririka.

"Unafanya nini, Rayappan?" marehemu alimuuliza.

"Namalizia," akajibu kwa shida. "Nisiwaudhi."

Aliporudi nyumbani, marehemu alimwambia baba yake kwamba amepata mwanamume anayekula mpaka augue ili asimvunje mtu moyo, na kwamba hatamwacha. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jacintha na Benedict.

Mzee Savarimuthu alifariki tarehe 14 Machi 1988. Mkahawa ukaenda kwa mtoto wa kiume, na hakuna aliyeuliza swali, hata marehemu. Yeye hakuutaka mkahawa. Alitaka jiko. Mwaka uliofuata, Anko Pragasam alimwoa Vimala, na siku moja baada ya mlo wa mchana alisimama mlangoni mwa jiko lile.

"Dada, umechoka. Pumzika sasa. Vimala atasimama hapa."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Watu wanaona."

"Watu gani? Hao wanaolamba vidole kwa karela zangu?"

"Dada, usianze."

Marehemu hakuanza. Alifungua aproni, akaining'iniza kwenye msumari aliougongomea yeye mwenyewe, akatoka kwa mlango wa mbele, wa wateja. Baada ya muda mfupi kibao kipya kilipandishwa nje: Karela za Pragasam, Mkono wa Mwenyewe. Kibao hicho bado kipo. Tumepita chini yake asubuhi hii na jeneza.

Tangu hapo marehemu na mumewe wakawa watu wa kula kwa wengine. Kila Jumapili baada ya misa waliingia mahali: kwa watu wa Padang, ambako Bw. Rayappan alikuwa sasa amejua kuacha sahani. Kwa Waislamu wa Kitamil penye chapati za kurushwa na chai ya kumiminwa kutoka juu. Na mara nyingi zaidi kwa Mama Zaharah, Mmalei mwenye kibanda cha wali na mboga kando ya barabara. Marehemu alionja kila kitu na kutoa hukumu, na wenye mikahawa walimwogopa na kumpenda. Lakini watoto wake walijua kwamba mama yao hakuwahi kushiba huko. Alikuwa akila vizuri na kusifu. Alichokitaka kilikuwa kwenye meza moja tu mjini humu.

Mwezi Novemba 1996 paroko wetu wa wakati huo, akiwa karibu kuhamishwa, alijaribu kuwapatanisha ndugu hawa. Hakutaka kuondoka akiwaacha hivyo, kwa hiyo alipanga mlo Savari Vilas siku ya Jumamosi, na haikuwezekana kuahirisha, ingawa Bw. Rayappan alikuwa amemzika mama yake Jumatatu ya wiki hiyohiyo. Marehemu alivaa sari yake ya harusi. Majani ya mgomba yalitandikwa. Anko Pragasam aligawa wali mwenyewe, Vimala akaleta karela, na marehemu alipoulizwa zikoje alisema, "Nzuri." Tunaamini huo ndio uongo wake wa pekee.

Walipomaliza, kila mtu alikunja jani lake. Kwetu aliyeshiba hulikunja jani kuja kwake, ndiyo shukrani kwa mwenyeji. Kwenda mbele hukunjwa kwenye chakula cha msiba tu, kuomba tusikutane tena kwa mlo wa namna ile. Bw. Rayappan, aliyekuwa ametoka kula chakula cha matanga siku nne mfululizo, alikunja kwenda mbele. Mkono ulikuwa umezoea.



"Shemeji," alisema Anko Pragasam, "duka langu umelifanya matanga?"

Bw. Rayappan alitazama jani, akaona alichofanya, na badala ya kusema samahani akalikunjua ili alikunje upya. Ikawa mbaya zaidi, maana Vimala alipiga kelele kwamba sasa anaufungulia msiba mlango.

"Pragasam, tumezika juzi," alisema marehemu. "Mkono umepotea tu. Unamjua shemeji yako. Huyu anaweza kumkosea nani?"

"Msiba wenu msiniletee hapa."

"Wenu?"

"Ndiyo, wenu. Ulikuja na chuki yako, dada, ukamtuma mumeo aionyeshe."

Marehemu aliinuka. Alimwambia paroko asante, akamshika mumewe mkono kama mgonjwa, na pale mlangoni akasema maneno ambayo mji mzima uliyajua baadaye: "Siingii tena humu mpaka uje mwenyewe kwangu, kwa miguu yako, useme, Dada, njoo ule."

Maneno matatu. Hakudai samahani wala jiko, wala kibao kishushwe.

Anko Pragasam hakuja. Alituma. Alimtuma mtoto wake, akamtuma katekista, akatuma chakula kimefungwa kwenye majani kila Krismasi. Marehemu alikifungua, akakinusa, akasema, "Chumvi imezidi," akawapa majirani. Bw. Rayappan aliishi miaka iliyobaki akijilaumu kwa lile jani. Alifariki tarehe 2 Juni 2011, na siku zake za mwisho aliwahi kumwomba mkewe avuke barabara tu, yaishe. Alikataa. Alimpenda kuliko mtu yeyote, na alimkatalia.

Tunasema kuvuka barabara kwa sababu kibanda cha Mama Zaharah kinatazamana na Savari Vilas. Marehemu alikuwa na kiti chake pale, na kiti hicho kilielekea ng'ambo. Kila Jumapili ndugu wawili walionana, mmoja akila, mwingine akisimama nyuma ya kioo na kitambaa begani.

"Mina, leo kachungulia tena," Mama Zaharah alikuwa akimtania.

"Achungulie. Dirisha lake."

"Si uvuke tu, mwenzangu? Mnazeeka."

"Mimi nina miguu miwili. Na yeye anayo miwili. Au imekatwa?"

"Kichwa chako kigumu kama nazi."

"Basi nipasue unikune, unipikie. Mchuzi wako leo una tui jepesi."

Walicheka, na Mama Zaharah alimwongezea wali. Lakini Mama Zaharah ametuambia kwamba mara nyingi, baada ya kucheka, marehemu aliangalia ng'ambo mpaka wali ukapoa. Uchungu ule alikuwa nao miaka ishirini na mitatu, na sisi wanawe tulioishi ndani yake tunaomba turuhusiwe kusema kwamba ulituchosha, na kwamba hatukumlaumu hata siku moja.

Mwezi Julai 2019 marehemu alianza kupaliwa na chakula. Alidhani ni mwiba wa samaki. Mwezi Septemba madaktari waligundua saratani ya koo. Alichomwa mionzi na kupewa dawa, akavumilia, lakini kufikia Desemba hakuweza kumeza hata maji. Alilishwa kwa mpira uliopita tumboni. Yule aliyeonja kila sufuria ya mji huu alipewa maziwa meupe kwa bomba, na alipoulizwa yakoje alinong'ona, "Mpishi hajitambui."

Anko Pragasam alikuja hospitali Jumapili ya tarehe 19 Januari mwaka huu. Alikuja kwa miguu, hilo ni kweli. Alikuwa na kikapu cha vyombo vya chakula na jani la mgomba limeviringishwa. Jacintha, aliyekuwa akimfuta mama yake mdomo, alisimama mlangoni.

"Anko, hali chakula. Hamezi. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

"Sasa umeleta nini?"

Alipita, akasimama kando ya kitanda, akalia kwanza, kisha akasema. "Dada, njoo ule."

"Sema tena," marehemu akanong'ona.

"Dada. Njoo ule."

"Umengoja koo lifungwe."

Anko Pragasam alifunika uso. Marehemu akaonyesha kwa kidole meza ndogo ya wagonjwa. Jani likatandikwa juu yake. Anko aligawa kwa mpangilio unaotakiwa: achari, karela, dengu, wali, mchuzi wa samaki. Wali mwingine ulimwagikia shuka. Marehemu alivuta harufu.

"Karela zimeungua."

"Nimekaanga mwenyewe, dada."

"Ndiyo maana."

Hakugusa kitu, maana hakuweza. Alikaa mbele ya chakula kile kwa muda ambao mtu angekila, macho yakitoka kwenye wali yakienda kwenye mchuzi. Kisha akanyoosha mikono miwili iliyobaki mifupa, akalikunja jani na chakula chote ndani yake. Alilikunja kuja kwake, akalikandamiza ukingo kama ifanywavyo na aliyeshiba.

"Lakini hujala, dada," alisema Anko Pragasam.

"Nimeitwa," akajibu. "Beba, uende."

Hakuzungumzia tena jambo hilo. Alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Februari 2020, saa moja asubuhi, akiwa na watoto wake wote wawili. Yeye alisamehe, na sisi ni mashahidi. Bintiye Jacintha, aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma wasifu huu, bado anajaribu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Jacintha na Benedict, mkwe, Mei Fong, wajukuu watatu, mdogo wake Gnanapragasam na wifi yake Vimala, na Mama Zaharah binti Idris, ambaye hakuzaliwa naye lakini alimlisha.

Baada ya mazishi nyote mmekaribishwa chakula Savari Vilas, kwa ombi la Anko Pragasam. Familia imekubali. Sisi wanawe tutaingia humo kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1996. Mtakapomaliza, desturi mnaijua: jani la msiba hukunjwa kwenda mbele. Leo hakuna mkono utakaokosea.

Na huko aliko, Bwana asimtumie mjumbe. Amwite mezani kwa kinywa chake mwenyewe, koo lake likiwa wazi, akae, ale, apumzike.