Gari Linamngoja Nani

Kijiwe kilikuwa kando ya duka la kinyozi: benchi moja, birika moja la kahawa, na midomo isiyojua kupumzika. Asubuhi hiyo Sukani, dereva wa teksi, alikaa pembeni, gari lake limeegeshwa mbele ya macho yake, kahawa imempolea mkononi. Nyumba ya tatu kutoka hapo mkewe alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza tangu jana alfajiri. Mama mkwe alishamfukuza mlangoni: uzazi si mambo ya wanaume, kaa na wenzako, utaitwa. Roho ilikuwa juu juu, lakini aliona haya kuonekana mwanamume mwenye kiherehere.

Wenzake walimfariji kwa elimu yao, na elimu yenyewe ndiyo hiyo ya kijiweni. Fundi viatu, aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani tu, alishikilia kwamba watoto wa kiume ndio huchelewa, wanapenda kubembelezwa.

— Mimi nilizaliwa siku ya nne, akasema Kinyozi.

— Ndiyo maana kichwa kigumu, akajibu Profesa. Sukani, haba na haba hujaza kibaba. Mtoto anakuja kidogo kidogo.

Wakacheka. Sukani naye akacheka, maana angenyamaza angelia.

Ndipo akaja mama mmoja na kapu la chakula, anataka kupelekwa hospitali kumwona mgonjwa wake.

— Leo sibebi abiria, mama. Mke wangu ana uchungu.

— Tangu lini?

— Jana alfajiri. Wa kwanza.

Mama akaweka kapu chini.

— Mwanangu, wa kwanza huweza kuchukua mchana mzima, pengine na kipande cha usiku. Huyu jua limemzamia, limemchomozea, bado tu? Huyo si wa kungojewa. Sasa gari hili linamngoja nani?

Profesa alivua miwani akaifuta na kuifuta. Sukani alishafika mlangoni. Hakumwomba mkwewe ruhusa, alimbeba mkewe mikononi hadi garini.

Mke alipona. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia.

Siku Sukani aliporudi kijiweni walimsogezea nafasi, wakampa pole. Akakaa.

— Daktari aliniuliza siku ile nzima tulikuwa tunafanya nini.

— Ukamwambiaje? akauliza Kinyozi, taratibu.

— Nikamwambia tulikuwa tunaongea.